Naomba ushauri: nadharia ya misimbo ya Basil Bernstein

Habari zenu wakuu, naombeni msaada, naandaa mada ya semina kuhusu Basil Bernstein (1924–2000), yule mwanasosholojia wa elimu wa Uingereza aliyefundisha Taasisi ya Elimu pale London. Nimekwama kwenye msimbo finyu (restricted code, namna ya kuongea inayotegemea msikilizaji ajue muktadha) na msimbo mpana (elaborated code, inayoeleza kila kitu waziwazi). Ule mfano wa watoto wanaosimulia picha za wavulana wanaocheza mpira naupenda sana, wa tabaka la kati anataja kila kitu, wavulana watatu, mmoja kapiga mpira ukavunja dirisha, wa tabaka la wafanyakazi anasema "wanacheza, kaupiga, ukapita pale", yaani bila kuziona picha huambulii kitu.

Sasa wakosoaji wanadai Bernstein alimaanisha huyu wa pili lugha yake ina upungufu, na William Labov, mwanaisimu wa Marekani, ndo anatajwa sana kupinga mawazo ya namna hiyo. Nimesoma juzuu ya kwanza ya Class, Codes and Control (1971) pamoja na makala yake ya 1970 ya kwamba elimu haiwezi kufidia jamii, na humo anaikataa kabisa tafsiri hiyo, kwa kweli naona kaonewa.

Je, nimtetee hivyo au maandiko yake ya mwanzo yananikatalia? Na mada zake za baadaye za uainishaji (classification, mipaka kati ya masomo) na ufremishaji (framing, nani anadhibiti ufundishaji) niziunganishe na misimbo au nizitenge?