Simu ya mama imeibiwa na laini ilisajiliwa kwa kidole cha kaka: gharama na hatua za kuirudisha hewani ni zipi?

Mwana wa Turiani (mleta mada)

Wakuu, habari za leo. Jumamosi iliyopita mama yangu mzazi alisafiri kutoka Turiani kwenda Morogoro mjini kumwona mjukuu wake, na aliposhuka Msamvu akakuta mkoba wake umechanwa kwa wembe na simu haimo. Simu yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Kinachotuumiza ni laini, kwa sababu ndiyo anayotumiwa pesa za mauzo ya mpunga na ndiyo inayojulikana kwenye kikundi chake cha vikoba.

Nimemnunulia simu nyingine iliyotumika, kisha nikaenda kwa kijana mmoja anayesajili laini chini ya mwamvuli. Akaniambia kwamba nilipe shilingi 5,000 za kuisajili simu yenyewe na 5,000 nyingine za laini. Nililipa hizo za kwanza. Akanibonyezesha kidole gumba mara tatu, kila mara akisema mashine haijasoma, mwishowe akanipa laini yenye namba ngeni na kusema kwamba ile ya mama haiwezekani kwa kuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Hilo ni kweli: mwanzoni mwa mwaka 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipokuwa zinakaribia kufungwa, mama hakuwa na namba ya NIDA, hivyo kaka yangu alimsajilia kwa kidole chake. Sasa kaka anafanya kazi Songea na hapati ruhusa kirahisi. Naomba kujua gharama halali ni zipi, na tuanzie wapi.

Wakala Mstaafu

Pole sana, ndugu, na umfikishie mama pole zetu. Nimefanya kazi hiyo ya mwamvuli kwa miaka mitatu, kwa hiyo nitakueleza bila kuficha: hakuna ada inayolipwa na mtumiaji ili simu yake ianze kufanya kazi. Kinachosajiliwa kwa jina la mtu ni laini. Simu hutambuliwa na mitandao kwa namba yake ya IMEI yenye tarakimu 15, ambayo utaiona ukibonyeza *#06#, na ukitaka kujua kama simu uliyonunua ni halisi unatuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Zile simu bandia zilizozimwa nchini mwezi Juni 2016 zilizimwa kwa kufuata IMEI hizo hizo.

Lakini elfu tano yako hainisumbui kama hicho kidole kilichobonyezwa mara tatu. Mashine hukataa kweli, hasa kwa watu wenye mikono ya kazi, ila wapo wenzetu waliokuwa wakitumia kisingizio hicho kusajili laini ya pili na ya tatu kwa jina la mteja, kisha wakaziuza kwa watu wasiotaka kujulikana. Piga *106# sasa hivi, ufuate maelekezo, uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako.

Mwana wa Turiani (mleta mada)

Nimepiga. Kuna namba moja siitambui kabisa, mbali na hii aliyonipa.

Wakala Mstaafu

Basi usilale nayo. Nenda katika duka la huduma la mtandao husika ukiwa na namba yako ya NIDA, uwaambie hiyo laini siyo yako na unataka iondolewe kwenye jina lako. Ikitumika kutapeli mtu, atakayetafutwa kwanza ni wewe.

Dawati Namba Tatu

Nimewahi kuhudumia wateja kwenye dawati la kampuni ya simu, na kesi ya namna hii tulikuwa tukiipokea karibu kila juma. Habari njema ni kwamba kaka yako halazimiki kusafiri. Laini haina mkoa. Kinachohitajika ni mtu aliyesajiliwa, kidole chake na namba yake ya NIDA, ile yenye tarakimu 20 inayoanza na tarehe ya kuzaliwa. Hata kadi yenyewe ya kitambulisho si lazima aishike. Aende duka la huduma hapo hapo Songea, aseme anarudisha laini iliyoibiwa, atapewa kadi mpya yenye namba ile ile, na anaweza kuiweka kwenye bahasha akaikabidhi kwa basi la kwenda Morogoro.

Kabla ya hapo, na hili lilipaswa kufanyika Jumamosi ile ile, apige huduma kwa wateja kwa namba 100 akitumia simu yoyote yenye laini ya mtandao huo, aombe laini na akaunti ya pesa vifungwe. Ataulizwa majina yake kamili, namba ya NIDA, na pengine namba zinazopigiwa mara kwa mara au muamala wa mwisho, kwa hiyo akae na mama kwenye simu ya pili amsaidie majibu, kwa sababu mwenye jina ni yeye lakini mwenye kumbukumbu ni mama. Nimeona wateja wakikataliwa kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu gharama, laini ya kurudishia huuzwa kwa bei ya laini tu, na kwa mtandao niliokuwa nikiuhudumia ilikuwa shilingi 1,000. Mtu akikutajia zaidi ya hapo, mwombe risiti. Mara nyingi bei hushuka yenyewe.

Mzee wa Kihonda

Naongezea la polisi, maana watu wengi huchanganya. Ripoti ya upotevu ni ya kitu kilichopotea, na siku hizi huombwa hata kwa njia ya mtandao, ambapo unapewa namba ya malipo. RB ni ya tukio la wizi lililofunguliwa kituoni. Mama yako ameibiwa, kwa hiyo afungue RB, kwa sababu ndiyo itakayotumika kuomba simu iliyoibiwa ifungiwe kwenye mitandao yote kwa IMEI yake. Tafuteni boksi la simu. Namba zimeandikwa ubavuni, na kama simu ilikuwa ya laini mbili basi zipo mbili, andikeni zote. Ukifunga laini pekee, mwizi ataweka laini nyingine na kuendelea kupiga simu kwa raha zake.

Kijakazi Tech

Simu hiyo iliyotumika uliyonunua, je, umejaribu kuiwasha upya ukiwa na aliyekuuzia? Ninatengeneza simu, na kila mwezi naletewa simu nzuri kabisa ambayo baada ya kufutwa inadai akaunti ya barua pepe ya mwenye zamani. Hapo hakuna fundi mwaminifu wa kukusaidia isipokuwa mwenye akaunti mwenyewe. Ikague mapema, wakati muuzaji bado anapokea simu zako.

Kwa upande wa WhatsApp, laini ikirudi mtaingiza namba na kupokea ujumbe wenye tarakimu sita, na simu ya zamani itatolewa yenyewe. Kama mama alikuwa ameweka namba ya siri ya hatua ya pili na ameisahau, na hakuweka barua pepe ya kuibadilisha, itabidi asubiri siku saba. Tarakimu hizo sita asimtajie mtu yeyote, hata akijitambulisha kama mtunza hazina wa kikundi.

Binti Kilosa

Mimi nina swali ambalo naona mnalikwepa. Baada ya yote hayo laini itabaki ya kaka, je, akiibiwa tena? Sisi tulimhamishia mama yetu umiliki mwaka jana. Walikwenda wote wawili, aliyesajiliwa na anayepokea, kila mmoja akaweka kidole, na salio la akaunti ya pesa tuliambiwa tulitoe kwanza. Ilichukua asubuhi nzima kwa sababu ya vidole vya mama: amelima miaka arobaini, mistari imefutika. Dada wa dawatini alimpa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akamjaribisha kidole kimoja baada ya kingine, na kilichokubali kilikuwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Tumekiandika nyuma ya picha ya kitambulisho chake ili tusihangaike siku nyingine.

Mwana wa Turiani (mleta mada)

Wakuu, narudi kutoa mrejesho. Kaka alipiga 100 jioni ile ile huku mama akimnong'oneza majibu kupitia simu yangu, na laini ikafungwa. Salio lilikuwa limebaki. Inaonekana mwizi hakuijua namba ya siri, ingawa alijaribu, kwa maana akaunti ilikuwa imejifunga kwa majaribio mengi. Asubuhi akapata laini mpya kwa shilingi 1,000 na risiti, akaipandisha basi. Bahasha imefika leo saa nne usiku, kadi ikiwa imegundishwa kwa selotepu ndani ya karatasi aliyoandika, "Mama, usimpe mtu namba ya siri, hata mimi."

Ile namba ngeni imeondolewa kwenye jina langu, na nimeirudisha pia hii niliyouziwa. Kijana wa mwamvuli sikumkuta. RB tumefungua leo mchana, lakini boksi la simu bado halijaonekana; mama anakumbuka kwamba mjukuu mmoja alilichukua kuwekea gololi, nasi tunaendelea kumhoji. Kaka ameomba likizo ya siku tatu mwezi ujao ili twende wote kuhamisha umiliki, na nimemwambia mama aanze kupaka mikono mafuta.