Mafundi mnaotufungia kabureta za "inaingia tu", Mungu anawaona

Wakuu, habari za usiku. Nimekosa usingizi, acha niyatoe hapa.

Nina Land Rover 109 Series III ya 1978, ya petroli, gari aliyoniachia marehemu mzee. Ilikuwa na kabureta yake (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ya Zenith 36 IV. Juzi kati ikaanza kunuka petroli, plagi zinatoka nyeusi kama sufuria ya kuni, silensa (mngurumo wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka. Nikaipeleka gereji hapa Arusha. Fundi hata kuifungua hakuifungua. Kaitikisa, kasema: "Bosi, hii imekufa. Weka ya koo mbili, utanishukuru." Koo ndiyo tundu la kupitishia hewa ndani ya kabureta.

Laki tatu na themanini zikanitoka. Kabureta ya mtumba, ya pikapu gani sijui, jeti (vitundu vya kupimia petroli) zimechokonolewa na waya. Na kwa vile haikai kwenye menifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye injini), akachomelea bamba la chuma, eti adapta.

Zamani lita moja ilinipeleka kilomita sita. Sasa hata nne hazifiki! Ukikanyaga, gari inakohoa, inafikiria, ndiyo iondoke. Nikitoka Usa River kupanda mjini, moshi nautoa mpaka bodaboda wanajiziba pua.

Jumapili nikaifungua mwenyewe. Juu matundu mawili, chini kwenye menifoldi tundu moja. Koo la pili nusu yake limekalia chuma! Bamba lenyewe limepinda. Nilichomeka wembe pembeni, ukapita. Yaani hewa ya wizi muda wote.

Hivi hesabu ni ngumu kiasi gani? Injini hii ni cc 2,286, na inavuta ujazo huo kila ikizunguka mara mbili. Kwa mizunguko 4,000 kwa dakika ni kama lita 4,570 za hewa, tena hizo ni za kwenye karatasi, kwa kweli hazifiki. Koo moja linatosha kabisa. Ukilipanua mno, hewa inapita kivivu, haiwezi kuinyonya petroli na kuipasua iwe ukungu. Inadondoka matone tu. Halafu jeti za gari iliyosetiwa Dar kwenye usawa wa bahari unazileta huku mita 1,400, hewa nyepesi. Petroli itaacha kuzidi?

Kilichoniuma zaidi ni mzee mmoja, fundi mstaafu. Kacheka. "Mwanangu, Zenith hiyo ugonjwa wake unajulikana. Mfuniko unapinda, oringi ya ndani, kale kampira ka kuziba, inachoka, petroli inavuja humohumo. Weka msasa juu ya kioo, sugua mfuniko mpaka ukae sawa, tia oringi mpya, basi."

Oringi, wakuu. Oringi!

Nikarudi gereji kudai kabureta yangu. "Bosi, si ilikuwa imekufa?" Kumbe kashaiuza. Maiti imepata mteja.

Na hata kama ilikuwa lazima kubadilisha, si ipo kabureta ya Weber 34 ICH? Koo moja, watu wa 109 kibao wanaifunga. Nguvu inapungua kidogo, lakini mafuta inakula kwa adabu. Hakuitaja kabisa, maana hakuwa nayo dukani.

Mwenye Zenith 36 IV, hata mfuniko uwe umepinda kama chapati, anicheki. Na wewe fundi, najua humu unapita: bamba lako nimelifungua, lipo kwenye mfuko wa rambo nyuma ya siti. Njoo ulichukue, na hela yangu uje nayo.