Kwenye, kwenye, kwenye! "Ndani", "juu" na "penye" vimekwenda wapi?

Wakuu, nawasalimu. Wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, maana nimelala na hili jambo siku nne nikidhani litapoa, na halijapoa.

Mdogo wangu anaolewa Mafinga mwisho wa mwezi huu. Kadi za mwaliko tulichapisha Iringa mjini, kadi 180, kila moja shilingi 1,500. Piga hesabu, ni 270,000, na hiyo ni hela ya kamati, hela ya watu waliochanga kidogo kidogo kwa simu. Kadi zilikuwa nzuri jamani. Karatasi ngumu ya rangi ya maziwa, majina yameandikwa kwa dhahabu, na kila kadi ina kiutepe chekundu kilichofungwa kwa mkono. Nilizipanga mwenyewe bokisini, nikafunga kwa solotepu, nikazipeleka stendi kwenye ofisi ya vifurushi ya kosta zinazokwenda Mafinga.

Kijana wa pale akaniuliza mna nini bokisini. Nikamjibu kadi za harusi, ni karatasi, naomba boksi likae ndani. Nilisema "ndani" mara mbili. Akasema, "Usijali dada," akaandika risiti, nikalipa, nikaikunja nikaitia pochini bila kuisoma. Hilo kosa ni langu, nalikubali.

Mvua ilianza Tanangozi ikaisindikiza ile kosta mpaka Mafinga. Boksi lilikuwa juu ya keria. Hata turubai hawakulifunika. Mdogo wangu alipolipokea alinipigia akilia, baadaye akanitumia picha: amezitandaza juu ya mkeka, zile zilizokubali kubanduka, dhahabu imechuruzika, utepe umetoa rangi na kuacha alama kama ya damu pale panapoandikwa jina la bibi harusi. Zilizopona ni kadi 11.

Nikarudi stendi na risiti yangu. Nikakutana na msimamizi, baba mtu mzima tu, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti: "Boksi moja, karatasi, kwenye gari." Akanitazama. "Sasa mama, si lilikaa kwenye gari? Keria si gari?"

Nilibaki mdomo wazi. Kwa jinsi neno lile lilivyoandikwa pale, mzee yule hajasema uongo! Keria ni kwenye gari. Buti ni kwenye gari. Kiti cha nyuma nacho ni kwenye gari. Mimi nilisema "ndani", yule kijana akasikia "ndani", kisha akaandika "kwenye". Neno langu limefia njiani, kati ya sikio lake na kalamu yake, na fidia yangu imekufa nalo.

Na si yule kijana peke yake, ndiyo maana nimefungua uzi huu badala ya kwenda kulalamika kwa shangazi. Tangu siku ile masikio yangu hayatulii. Nikiwasha redio, kwenye. Nikifungua ujumbe wa shule, kwenye. Wiki hii hii nimetumiwa tangazo la kikao cha wazazi: "Mnaombwa kufika kwenye shuleni saa 3 asubuhi." Kwenye shuleni! Shule ndiyo imeandika hivyo. Neno likishavaa -ni limekwisha kuwa mahali, unalivalisha koti la pili la nini? Walimu wetu wa zamani walikuwa wakikuta "katika nyumbani" daftarini wanakuita mbele ya darasa. Leo mwalimu ndiye mwandishi.

Mezani. Mfukoni. Sokoni. Kisimani. Jikoni. Silabi moja tu mwishoni, kazi imekwisha. Sasa ni kwenye meza, kwenye mfuko, kwenye soko, kwenye kisima, kwenye jiko. Jikoni ni chumba, jiko ni kile chenye mkaa wa moto. Ukinipigia simu ukaniambia mwanangu yuko kwenye jiko, nitakuja mbio bila viatu. Hata mpira wameuharibu. Mtangazaji akipiga kelele "wavuni!", nyumba nzima inaruka. Juzi nikamsikia mmoja: "na mpira unaingia kwenye nyavu." Goli zuri kabisa, amelitangaza kama anasoma tangazo la kukatika kwa umeme.

Tena hiyo -ni haikuja peke yake, ilikuja na watoto watatu, PA, KU na MU, na hapa ndipo roho inaponiuma. Nyumbani pangu, nyumbani kwangu, nyumbani mwangu: haya si mambo yale yale. Nikisema nyumbani kwangu kuna wageni, nazungumzia huko kwangu kwa ujumla, labda wamekaa uani. Nikisema nyumbani pangu pana mwembe, nakuonyesha mahali penyewe, utapatambua. Nikisema nyumbani mwangu mna nyoka, basi yumo, usiingie, lete fimbo. Sema sasa "kwenye nyumba yangu kuna nyoka." Jirani aje na fimbo mlangoni, darini au bustanini? Halafu kuna yupo, yuko, yumo. Lipo, liko, limo. Risiti yangu ingeandikwa maneno mawili tu, "limo garini", yule baba angevua miwani akalipa. Maneno mawili! Sawa sawa na "kwenye gari", hata wino haungeongezeka.

Watu wanafikiri haya ni mambo ya vitabuni, Kiswahili cha wazee wa pwani. Hapana. Na hiyo hapana yenyewe itazameni: ha-pa-na. Kisha hakuna: ha-ku-na. Kisha hamna: ha-m-na. Mahali pote patatu pamo vinywani mwetu tangu tunapoamka. Mwenye duka anakujibu "sukari hamna", konda anasema "chenji hakuna", mtoto anasema "hapana". Hakuna hata mmoja wetu aliyefundishwa darasani. Na sisi wenyewe tunasema "humu jamvini", kwa sababu tunajiona tumo ndani, tumeketi pamoja. Hiyo MU tunayo. Tunaiacha pale tu tunaposhika kalamu, yaani pale inapohitajika zaidi.

Msinielewe vibaya, "kwenye" si neno la kigeni na sina ugomvi nalo likiwa kazini kwake. Ni ndugu yao mwenye, chenye, lenye, zenye. Mtu mwenye mali, kijiji chenye maji, na kwa mahali tulikuwa nao watatu: penye, kwenye, mwenye. Simama pale penye mwembe. Kaa mbali na huko kwenye miba. Waliingia pangoni mwenye giza. Huyo "mwenye" wa ndani ukimtaja leo watu wanadhani unaongelea mwenye nyumba. "Penye" amekimbilia methalini, penye nia pana njia, penye miti hapana wajenzi, penye wengi pana mengi. Na hata huko wamemfuata! Nasikia siku hizi "penye nia kuna njia". Mwanzo ni PA, mwisho ni KU, na mtu anaisema kwa madaha jukwaani, kipaza sauti mkononi.

Kazi halali ya "kwenye" ipo. Jina likibeba sifa zake, ile -ni inakwama. Huwezi kusema nyumbani nyeupe, utasema kwenye nyumba nyeupe. Ndivyo nilivyoandika hapo juu, kwenye ofisi ya vifurushi. Hapo sawa, sina neno. Lakini mtu anakwambia "nimekwenda kwenye daktari". Daktari ni mtu, unakwenda kwa daktari. "Tukutane kwenye saa mbili." Tukutane saa mbili, basi, saa haina mlango. "Kwenye mwaka 2015." Mwaka 2015, au kama unataka kuivika suti, mnamo mwaka 2015, na hiyo mnamo ni ile ile MU yetu tena.

Kuna na hii ya "kutoka kwenye", ambayo naona inatokana na kutafsiri vichwani kabla ya kusema. "Nimenunua kutoka kwenye duka." Umenunua dukani. "Nimeazima kutoka kwenye maktaba." Umeazima maktabani. Kiswahili kilikuwa kimeshatatua jambo hili kwa akili sana: natoka shambani, nakwenda shambani, nalala shambani. Shambani halitikisiki. Kitenzi ndicho kinachobeba safari, kinakuambia kama mtu anakwenda, anarudi au ametulia. Mahali panabaki mahali. Mimi nikilifikiria hilo naona fahari, kisha namsikia mtu anasema "ametokea kwenye shamba" na fahari inaisha.

Mimi ni Mhehe. Kihehe cha bibi yangu kina pa, ku na mu, kila moja mbele ya jina lake, na bibi hakuwahi kuingia darasa hata siku moja. Alipokuambia kitu kiko wapi, ulikwenda moja kwa moja ukakikuta. Na wale madereva wa malori ya Lubumbashi wanaopita hapa na barabara ya Tunduma, tunaowacheka eti Kiswahili chao kibovu? Wasikilizeni. Wanasema mu nyumba, ku soko. Hawana -ni kama yetu, lakini ndani kwao bado ni ndani. Angeniandikia risiti mmoja wao, kadi za mdogo wangu zingefika kavu. Nairobi nao wana "kwa" yao, iko kwa meza, ingia kwa gari, na ni balaa lile lile la neno moja kumeza mengine yote. Sisi Watanzania ndio tunaojisifu kwamba Kiswahili chetu ndicho chenyewe. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO walipoitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, tunavaa vitenge tunapiga hotuba kwamba lugha yetu ni ya dunia. Risiti ya boksi moja stendi imetushinda.

Najua watakuja wa kusema lugha inakua. Mkuu, kukua ni kuongezeka. Nionyeshe kilichoongezeka hapa. Tulikuwa na ndani ya, juu ya, chini ya, kando ya, penye, kwenye, -ni, po, ko na mo, kila moja na kazi yake, na sasa tunabana vyote katika neno moja kisha tunashangaa maelekezo hayaeleweki, mafundi wanatoboa ukuta pasipotakiwa, bodaboda wanazunguka mtaa mzima wakipiga simu "uko wapi hasa?" Yule bodaboda si mjinga. Umemwambia "niko kwenye kituo", na kituo kina upande huu na upande ule wa barabara, kina kibanda, kina ndani na nje. Mwambie "nipo hapa penye kibanda cha chipsi" uone kama atapiga simu ya pili.

Na wa kusema nimepata hasara ya kosta nahamishia hasira kwa sarufi, huyo nimemjibu tayari: hasara yenyewe imepitia humo. Nisingebishana na mtu kuhusu keria kama ingeandikwa "ndani". Kwa sasa wamekataa kulipa. Wananiambia risiti ndiyo mkataba.

Kamati imekaa upya, imechanga upya. Nimechapisha kadi nyingine 169, za kawaida, hazina utepe, hela haikutosha. Jana asubuhi nimezipeleka stendi, ofisi ile ile kwa sababu gari za mapema ni zao. Boksi nimeliandika pande zote nne kwa maka peni, herufi kubwa: LIKAE NDANI YA GARI. Yule kijana akalisoma, akatikisa kichwa kwamba ameelewa, akavuta kitabu chake cha risiti na kuanza kuandika: "Boksi 1, karatasi, kwe..."

Nikaweka kidole juu ya karatasi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, futa hiyo. Andika *limo garini*." Akaniuliza, "Si ni kitu kimoja dada?" Nikamwambia siondoki hapa mpaka uandike. Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika, nikaiacha inung'unike. Akachana risiti, akaandika nyingine. Nikaisoma mara mbili kabla ya kuitia pochini, kisha nikasimama pale stendi mpaka nilipoliona boksi linaingizwa, linawekwa chini ya kiti cha nyuma ya dereva, na mlango unafungwa.