Tupeane uzoefu: kutoa friji ya gesi kwenye kampavani ya zamani na kuweka ya kompresa

Mtu_wa_Westfalia (Minnesota)

Wakuu, salaam. Nina Volkswagen Vanagon Westfalia ya 1987: paa la kuinua, jiko la mafiga mawili, sinki, na kafriji ka njia tatu (gesi, betri ya volti 12, umeme wa nyumbani). Injini haina neno. Hako kafriji ndiko kananitoa jasho. Kukawasha kwa gesi unapiga magoti, unapampu hewa, unabonyeza kitufe huku unachungulia kidirisha kutafuta mwali wa bluu. Upepo ukipuliza, unaanza upya. Ukikaweka kwenye betri, kanafyonza ampea saba nane bila kupumzika na maziwa yanachacha vilevile.

Nataka kukang'oa. Waliokwisha fanya waseme: waya gani, betri gani, mlikwama wapi? Bei nimeshaulizia, nataka yaliyowakuta.

Dereva_wa_Porini (Arusha)

Mkuu, mimi naendesha watalii. Land Cruiser zetu nyingi zina friji ya kompresa (yenye pampu ya umeme, kama ya nyumbani) kwa ajili ya maji na soda za wageni. Ya gesi huku haikai. Ile haina pampu: amonia inachemshwa, inapanda, kisha inarudi chini yenyewe kwa mteremko. Gari likiegeshwa limeinama, mzunguko unakwama. Kompresa haijali mambo hayo.

Ila usichomeke kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Kuna gari nilikabidhiwa, friji yake ilikuwa inazima kila tukifika Seronera jioni, nikiizima injini tu. Ofisini wakasema friji imekufa, inunuliwe nyingine. Nikachukua mita. Betrini 12.5. Kwenye plagi ya friji, kompresa ikianza kuvuta, 10.3! Volti mbili na ushee zimeishia njiani, kwenye waya mwembamba wa kufungia redio. Na kompresa nyingi za aina hii (Danfoss BD35, siku hizi zinatoka kwa jina la Secop) zina ulinzi: volti zikishuka hadi kama 10.4 zinajizima, zikidhani betri imeisha. Friji ilikuwa nzima kabisa.

Tukavuta waya wa milimita za mraba 6 moja kwa moja kutoka betrini, fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, na hasi nayo ikapewa waya wake mpaka betrini, siyo kuibana kwenye bodi yenye kutu. Kelele za ofisini zikaisha. Ongeza betri ya pili yenye rilei (swichi inayojiwasha kwa umeme) ya kuitenga na ya kuwashia, la sivyo asubuhi utasukumwa.

Nyakio_HiAce (Nairobi)

Dereva amemaliza ya waya. Mimi naongeza hewa. Fundi alinibania friji kwenye kabati ya mbao, imekaa vizuri kweli, kama ya dukani. Tukaenda Tsavo, ikawa inanguruma mchana kutwa na betri ya sola haijai. Joto la nyuma halikuwa na pa kutokea, linazunguka mle mle kabatini. Tulitoboa matundu chini na juu, tukaweka feni ndogo ya kompyuta, ikaanza kupumzika.

Hesabu ya kushika: kompresa ndogo inavuta kama ampea nne au tano ikizunguka, ikipumzika hamna kitu. Kwa siku weka ampea-saa 30 hadi 40, na kwenye joto zaidi. Betri ya asidi ya 100 usiitumie zaidi ya nusu, kwa hivyo ni kama siku moja tu bila jua. Lithiamu inakupa karibu yote.

Kibaraza (Uingereza)

Mie nitawapinga kidogo. Gari langu naliegesha Skotilandi, mvua juma zima, sola ni pambo la paa. Friji ya gesi hainiombi betri wala hainiamshi usiku. Nimeweka pimamaji ndani yake, nikiegesha naangalia hiyo kwanza. Kila mwaka nalisafisha bomba la moshi, maana kutu hudondokea kwenye kichomeo, ndiyo sababu nyingi huwa haziwaki. Mwenye Westfalia, ulikwisha kusafisha chako kabla hujakilaani? Na king'ora cha gesi ya sumu lazima, usilale bila hicho.

Mtu_wa_Westfalia

Kibaraza, kutu nimekaondolea, mwali unawaka, lakini Julai ikifika nyuzi 33 kanashindwa. Naenda na kompresa ya lita 49, wenye Vanagon wengi huku wanaipachika nafasi hiyo hiyo. Swali lililobaki: bomba la gesi la friji nilifanyeje? Tangi liko chini ya gari na jiko bado linalihitaji.

Dereva_wa_Porini

Hilo mpe fundi wa gesi mwenye leseni, aliondoe na kuliziba kwenye maungio, asilikunje na kulifunga waya. Akimaliza, apake povu la sabuni kila kiungo mbele yako. Lile tundu la moshi ubavuni usilizibe, litakufaa kwa hewa aliyosema Nyakio.