Vichekesho vifupi vya 1928 hadi 1933: mbona kimoja hakina sauti?

Kibao_Kata:
Salaam wakuu. Wiki hii nimezama kwenye vichekesho vifupi vya Marekani, vile vya mwanzo wa sinema za kusema, kabla wakaguzi wa maadili ya filamu hawajakaza kamba mwaka 1934. Kimoja cha 1928 kimenishinda. Midomo inacheza, mikono inarushwa, sauti hakuna. Nikadhani spika, nikajaribu simu mbili, hola. Halafu kile cha mchekeshaji W. C. Fields cha daktari wa meno, The Dentist, nina nakala mbili na moja ni fupi kuliko nyingine. Mwenye kujua anisaidie.

MzeeWaMtambo:
Mwanangu, spika yako nzima. Sauti haikuwa kwenye mkanda. Kampuni ya filamu ya Warner Bros. walipoanza na Vitaphone, mtambo wao wa sauti, mwaka 1926, picha ilikaa kwenye mkanda na sauti kwenye santuri ya inchi 16, sindano ikianzia ndani kwenda nje. Santuri moja, mkanda wa futi 1,000, dakika kama 11. Ndiyo maana vichekesho vyao vingi vinakomea hapo.

Mimi niliendesha mtambo wa sinema Tanga miaka ya sabini. Sauti ilikuwa ubavuni mwa mkanda. Mkanda ukikatika nilitoa vipicha vitatu vinne vilivyoharibika, nikaunga, watu wakapiga miluzi kidogo na onyesho likaendelea. Fundi wa 1928 asingethubutu. Akitoa vipicha kumi, alitakiwa aunge vipicha kumi vyeusi mahali pake, avihesabu, la sivyo mchekeshaji anafunga mdomo ndipo neno linatoka. Na kichekesho kikichelewa nusu sekunde kimekufa. Nikimfikiria yule mtu gizani, mkono mmoja kwenye mtambo, jicho kwenye sindano, mimi mwenyewe natoka jasho.

Santuri zenyewe zilikuwa na karatasi yenye visanduku 20. Kila ukiipiga unatia alama, vikijaa unaitupa. Kwa hiyo mikanda ikabaki huku, santuri kule, nyingi zikapotea kabisa. Mwaka 1991 wakusanyaji wa Marekani walianzisha Vitaphone Project, wakawa wanatafuta santuri na kuzioanisha na mikanda yake. Nawaombea dua watu wale. Tafuta The Beau Brummels ya 1928, ya wachekeshaji wawili Shaw na Lee: wamesimama bega kwa bega, nyuso kama wako msibani, wanaimba upuuzi mtupu bila kutabasamu. Nimeitazama mara nne.

BintiMakorora:
Shikamoo mzee. Mimi nijibu la Fields. Kibao, The Dentist ni ya 1932, ilitoka kwa mtayarishaji Mack Sennett. Kanuni za maadili za Hollywood zilikuwepo tangu 1930, ila hazikuwa na meno mpaka Joseph Breen alipopewa kazi ya kuzisimamia mwaka 1934. Baadaye, filamu hii ilipoonyeshwa kwenye televisheni, wakaikata. Tazama sehemu ya mgonjwa wa kike mrefu: daktari anavuta jino, mama wa watu amemzungushia miguu kiunoni, wanazunguka naye chumba kizima. Kama nakala yako inaruka hapo, hiyo ndiyo fupi. Yule mgonjwa mwenye ndevu zinazotoka ndege usimtumie kama kipimo, huyo hakuwa na kosa kwao.

Kibao_Kata:
Nimeangalia sasa hivi. Fupi haina miguu kabisa! Anakaa kwenye kiti, mara amekwisha kuondoka. Asante dada, na mzee shikamoo.

MzeeWaMtambo:
Marahaba wanangu. Ukimaliza hiyo tafuta Lambchops ya 1929, ya George Burns na Gracie Allen, mtu na mkewe. Gracie anaingia anachungulia huku na huku, George anamuuliza anatafuta nini. Anajibu: watazamaji. George anamwonyesha kamera: hawa hapa. Nilipofika hapo nilimwita mke wangu kutoka jikoni, akaja na mwiko mkononi, tukairudia tangu mwanzo.