Karate ninayo, niongeze ngumi au judo kwa ajili ya kujilinda mtaani?

Kijana wa Chikongola
Wakuu habari za humu. Nipo Mtwara mjini, nafanya karate ya mtindo wa Shotokan, mkanda wa kijani. Nataka kuongeza mchezo wa pili, na lengo ni usalama wangu, siyo medali: kabali za usiku, vibaka wa pikipiki wanaokwapua simu, hasa msimu wa korosho pesa zikishaingia mtaani. Nayumba kati ya ngumi na judo. Naweza kuanza vyote pamoja? Wiki niigaweje? Ukumbi wenye mikeka ya kuangukia sina, ila ufukwe wa Shangani upo karibu.

Fundi Konde
Mkuu, usianze viwili kwa mpigo. Mwili unabeba tabia mpya moja kwa wakati mmoja, ukiupa mbili unazichanganya.

Angalia karate yako ina tundu wapi. Shotokan imekupa mwendo, teke na umbali mrefu. Haijakuzoesha kupigwa mfululizo: kwenye mashindano ya pointi ukiguswa tu mwamuzi anasema "yame" (simama), mtaani akikugusa ndiyo kwanza anaanza. Kwa hiyo ngumi kwanza.

Ugomvi utakuja kwenye mkono unaorudi. Kata, ile mifululizo ya mbinu za karate unayofanya peke yako, zimekufundisha kuuvuta kiunoni, ngumi zinautaka shavuni. Dawa yake siyo kukumbushwa kwa mdomo. Mwenzako avae padi, na kila mkono wako ukishuka akuguse shavu upande huo huo, taratibu, bila kukuonya. Simamo nalo lifupishe, miguu ipite upana wa mabega kidogo tu, maana zenkutsu, lile simamo refu la karate, inakuchelewesha kurudi nyuma.

Bandeji za mita 4.5, glovu za wakia 12 kwa begi na wakia 16 kwa kuchapana na mwenzako, kinga ya meno ni lazima. Begi huhitaji kununua. Gunia la korosho, shindilia vitambaa vya mafundi cherehani kwa tabaka mpaka lifike nusu ya uzito wako, lining'inize kwenye tawi nene la mwembe. Usijaze mchanga: unashuka chini, baada ya muda kitako kinakuwa jiwe na kifundo cha mkono ndicho kinachoumia.

Halafu kumbuka mtaani huna bandeji. Ngumi tupu ikitua kwenye paji la uso, mfupa ulio nyuma ya kidole kidogo unavunjika kirahisi. Kichwani tumia kitako cha kiganja, ngumi iache kwa mbavu. Nusu ya raundi zako za begi piga kwa kiganja.

Mzee wa Tatami
Fundi sikubaliani nawe. Mleta mada kataja kabali kwanza, na kabali hukwepi kwa jebu (ngumi ya haraka ya mkono wa mbele), ishafika shingoni. Kabali linalobana mishipa ya damu pande zote mbili linamzimisha mtu kwa sekunde kama 10, kwa hiyo sekunde 2 za mwanzo ndizo zako. Kidevu chini, kigeuze kuelekea kiwiko chake ili koo liingie kwenye kona ya mkono. Mikono yako yote miwili ishike mkono wake mmoja na kuuvuta chini kuelekea kifuani, siyo kuparura vidole vyake. Hapo hapo shusha nyonga uwe mzito. Wengi wanakosea kwa kunyoosha mgongo na kujivuta mbele, wanajikaza wenyewe.

Wanaobeza mshikano wakumbuke mashindano ya kwanza ya UFC, Denver 1993, Royce Gracie wa jujitsu ya Brazil alivyowalazimisha wapiga ngumi na mateke kusalimu amri. Ila ile ilikuwa mmoja kwa mmoja. Vibaka wakiwa wawili, ukilala chini na mmoja, wa pili anakukanyaga kichwa. Jifunze kuangusha ubaki umesimama.

Judo nayo ina matundu. Kwanza, mshiko wa kola: kwa joto la huku nani anavaa koti? Fulana inachanika mkononi. Osoto gari, mtupo wa kumfagia mguu kwa nyuma, ifanye kwa kushika nyuma ya shingo na juu ya kiwiko, uone kama bado inaenda. Pili, kanuni za mashindano zimepiga marufuku kushika miguu kwa mikono, kwa hiyo wanajudo wa sasa wengi hawajazoea kuvamiwa miguu.

Shangani inafaa. Subiri maji yatoke, tumia mchanga ulioshikana lakini bado una unyevu, pitisha reki kwanza kutoa chupa na kome. Anza kwa kuchuchumaa na kujilaza mgongo: kidevu kifuani, pumzi nje, mikono ipige chini nyuzi kama 45 kutoka mwilini. Marudio 20, ndipo usimame. Ukitanguliza kiganja nyuma kujizuia, utavunja kifundo. Tahadhari moja: mchanga laini unameza mguu, ukizunguka kuingia mtupo goti linabaki nyuma. Mitupo ya kuzunguka isubiri sehemu ngumu.

Binti Mikindani
Naongeza kwa dada zangu wanaosoma kimya kimya. Jaribu kila mbinu ukiwa na nguo unazotembea nazo. Baibui linakata hatua, na teke la pembeni linaishia gotini. Pini za hijabu toa zote kabla ya kushikana, vaa ile ya kuvuta.

Kisu kikionekana, simu itoke. Mwenye pikipiki akishika mkoba, achia, asikuburute. Na kuita "mwizi!" fikiria mara mbili, kundi likija huwezi tena kulituliza. "Nisaidieni!" inatosha. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyofuata vinakupa haki ya kujitetea kwa nguvu ya kadiri. Akishakimbia ukamfuata na kumpiga, hapo hujitetei tena.

Kijana wa Chikongola
Shukrani wakuu. Sasa wiki inakaaje?

Fundi Konde
Mzee kanishawishi nusu: kuanguka na kujinasua kabali ingiza tangu wiki ya kwanza, dakika 15 baada ya kupasha mwili. Judo kamili baada ya miezi sita hivi.

Siku nne: karate mbili, ngumi moja, ya nne ya mchanganyiko, raundi 4 za dakika 2, mmoja anapiga, mwingine ruksa kushika. Nguvu asilimia 40, basi. Mwezi wa Ramadhani bakiza mbili, baada ya tarawehe. Ukipigwa ukaona giza au ukasahau raundi ilianzaje, nenda ukapimwe, na mwezi mzima kichwa kisiguswe hata kama unajisikia mzima.

Mzee wa Tatami
Na huyo wa kushika abadilike kila wiki. Ukimzoea mmoja unajifunza udhaifu wake yeye tu.