Kiraka cha PAM tulikilipia Novemba, hadi Machi mashine ilikuwa na tundu lile lile

Wakuu, salaam.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima nikitegemea aliyekosea atakiri. Jana, badala ya kukiri, ameleta ankara nyingine. Kwa hiyo naliweka hapa, maana najua humu wapo wenzangu wanaotunza mashine za Solaris (mfumo endeshi wa seva wa Oracle, zamani wa Sun), na mkandarasi huyu ana wateja wengi. Jina lake silitaji, na la taasisi yangu pia silitaji.

Kwa msiozijua mashine hizi: kwenye Solaris, programu za kuingilia kama SSH (ya kuingia kwa mbali), `login`, `su` na nyingine nyingi hazimhakiki mtu kila moja kivyake. Zote zinategemea maktaba moja, PAM. Wahandisi wa Sun waliuweka wazi mpango huo mwaka 1995, na kusema kweli ni mpango mzuri, kwa sababu ukibadili masharti ya kuingia mahali pamoja, programu zote zinafuata. Lakini tundu likitokea humo, limetokea kwa zote.

Na lilitokea. Ndani ya PAM kuna kipande kinaitwa `parse_user_name`. Kazi yake ni kupokea jina la mtumiaji na kulinakili herufi moja moja kwenye bafa (nafasi ya muda kwenye kumbukumbu) ya baiti 512 mpaka kikutane na nafasi au mwisho wa jina. Aliyekiandika hakuweka kikomo cha hesabu. Ukikipa jina la herufi 600 kinaendelea kunakili tu, bafa inafurika, na zile zilizozidi zinaandikwa juu ya kumbukumbu ya jirani, pamoja na ile anwani ambayo programu inapaswa kuirudia ikimaliza. Anayejua kuzipanga baiti hizo anaipeleka programu anakotaka yeye. Na sshd, yaani programu ya seva inayopokea SSH, wakati huo inaendeshwa kwa mamlaka ya root, mtumiaji mwenye uwezo wote! Nywila hajaulizwa, akaunti hana. Ametoa jina tu.

Jina tu, wakuu.

Ndiyo maana tundu hili, lililosajiliwa kwa namba CVE-2020-14871, lilipewa alama ya hatari 10.0, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Oracle walitoa kiraka, yaani marekebisho ya kuliziba, tarehe 20 Oktoba 2020. Mwanzoni mwa Novemba kampuni ya usalama wa mitandao ya FireEye wakaeleza hadharani jinsi kundi la wadukuzi wanaloliita UNC1945 lilivyokuwa linaingilia seva za Solaris, na zana yake, EVILSUN. Wakaeleza pia kwamba Aprili mwaka huo huo zana ya kuingilia Solaris kwa njia ya SSH ilikuwa inatangazwa kwenye soko la gizani kwa takriban dola 3,000. Wakati huo hiyo ilikuwa karibu shilingi milioni 7 za Tanzania. Kwa fedha hiyo mtu anaingia kwenye mashine iliyobeba mishahara, michango na namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) za watu wasiojua hata kwamba Solaris ni nini.

Sasa nije kwenye kilio changu.

Tuna mashine ya Solaris 10. Ni ya zamani, lakini ina mkataba wa matengenezo, na tunaulipia kila mwaka bila kukosa, kwa sababu bila huo viraka vya Solaris 10 huvipati. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kwanza Novemba kuomba kiraka kiwekwe. Mkandarasi akaleta vijana wawili Jumamosi usiku. Tuliwazimia huduma saa nne nzima, mhasibu mkuu akapiga simu mara tatu kuuliza mfumo unarudi lini. Walitumia Live Upgrade: unatengeneza nakala ya mfumo pembeni, unaweka viraka kwenye nakala hiyo, unaiamilisha kwa `luactivate`, kisha unazima na kuwasha ili mashine ihamie humo. Njia ni sahihi kabisa, hapo sina neno nao.

Ila ukimaliza `luactivate`, skrini inakuandikia onyo refu, na ndani yake imo wazi kwamba usitumie `reboot` wala `halt`, utumie `init` au `shutdown`. Sababu inaeleweka. Kuna skripti inayoendeshwa wakati mashine inajizima kwa utaratibu, na hiyo ndiyo inayokamilisha kuhama. `reboot` inairuka. Mashine inazimika, inawaka, inarudi kwenye mfumo ule ule wa zamani, na haikulalamikii chochote.

Vijana waliandika `reboot`. Amri yao ipo hadi leo kwenye historia ya root, nimeinakili na kuihifadhi.

Mashine ikawaka, mfumo wa mishahara ukafunguka, wakapiga picha ya skrini ya hatua ya kuweka viraka ilipofaulu, wakaondoka. Jumatatu ikaja ripoti yenye mhuri: "Kazi imekamilika." Fedha ikalipwa.

Machi nilikuwa najaza fomu ya ukaguzi wa ndani, nikataka kuandika namba ya toleo la kerneli, kiini cha mfumo. Nikapiga `uname -a`, nikaona namba ile ile ya kabla ya Novemba. Nilidhani nimeingia kwenye mashine nyingine. Nikapiga `lustatus`, inayoonyesha ni nakala ipi inatumika: nakala yenye viraka ipo, imekamilika, na kwenye safu ya inayotumika sasa imeandikwa "no". Miezi minne kiraka kimelala kwenye diski na sshd inaendelea kupakia PAM yenye tundu.

Siwezi kuwaeleza usiku ule ulivyokuwa. Kundi lile lile la UNC1945 linajulikana kwa kupandikiza kwenye PAM ya Solaris mlango wa nyuma unaoitwa SLAPSTICK, unaomruhusu mwenye nywila ya siri aingie apendavyo, na kwa mhanga mmoja walikaa ndani zaidi ya siku 500. Kwa hiyo kuziba tu hakukutosha, ilibidi nijue kama kuna mtu alishaingia. Nilianza na `pkgchk`, inayolinganisha mafaili na kumbukumbu ya usakinishaji. Lakini aliyeingia kama root anaweza kuichezea hata kumbukumbu hiyo, hivyo nikachukua moduli za PAM moja moja na kuzilinganisha na zile za diski ya usakinishaji pamoja na viraka halali nje ya mashine. Nimesoma logi zote za SSH zilizopo. Sijakuta kitu. Ila logi zetu zinarudi nyuma hadi Januari tu, za Novemba na Desemba hazipo.

Nilipompigia mkandarasi jibu lake lilikuwa hili: "Mkuu, mashine si ilizimwa ikawaka? Shida iko wapi?" Nikamtumia `lustatus`. Kimya siku tatu. Kisha ankara ya "ziara ya pili".

Yaani nikulipe tena kwa onyo ambalo hukulisoma? Kuthibitisha kungechukua dakika moja: `uname -a` kabla, `uname -a` baada. Ungekuta namba hazijabadilika, ungeandika `init 6`, ungekwenda zako nyumbani kazi ikiwa imekwisha kweli.

Na wakubwa zangu nao wananiumiza. Mmoja ameniuliza, "Lakini si mfumo ulikuwa unafanya kazi muda wote huo?" Ulikuwa unafanya kazi, mzee wangu, na ndiyo maana hakuna aliyeangalia.

Jumamosi iliyopita nilifanya mwenyewe. `init 6`, nikasubiri, namba ya kerneli ikabadilika, `lustatus` ikaonyesha "yes" panapotakiwa. Nimeongeza pia `ChallengeResponseAuthentication no` na `KbdInteractiveAuthentication no` kwenye `sshd_config`, faili la mipangilio ya sshd. Hizo mbili zinafunga njia ya SSH peke yake, tundu lenyewe haliondoki. Mwenye mashine isiyoweza kuzimwa wiki hii aanze nazo leo, lakini asiziite kiraka.

Wenye Solaris 10 waliofanyiwa kazi hii na mtu wa nje tangu Oktoba 2020, naomba mpige `lustatus` na `uname -a` wenyewe, msisubiri ripoti, kisha mniambie hapa mmekuta nini. Nataka kujua kama ni sisi peke yetu.

Kwetu bado kuna Solaris 9 moja kwenye kona ya chumba cha seva, yenye kumbukumbu za zamani. Hiyo muda wake wa kuhudumiwa ulishakwisha, kiraka haikupata na haitapata. Fomu ya kuiondoa kwenye mtandao ipo mezani kwa mkuu wa idara, na leo ni siku ya tisa haijasainiwa.